Breki ya Upande wa Pili

Mume wangu ni mwalimu wa udereva, na mtaa mzima unamwita Taratibu. Ukimtaja kwa jina lake halisi, majirani watakuuliza nani huyo. Jina lilitokana na neno analowaambia wanafunzi wake kutwa: taratibu, taratibu, hapo hapo, umeona, umeweza. Hapandishi sauti. Mwanafunzi akilipandisha gari kwenye ukingo wa barabara, yeye anashuka, anatazama tairi, anarudi, anafunga mkanda na kusema, "Haya, tujaribu tena." Walimu wenzake pale shuleni wanatukana mpaka wapita njia wanageuka. Yeye hapana. Wanawake ndio wanampenda zaidi, wanasubiri foleni kufundishwa naye, na wakifaulu mtihani wanamletea zawadi mpaka nyumbani. Mimi nazipokea mlangoni na kusema ahsante, kwa sababu najua hapo hamna kitu. Mtu yule tatizo lake si wanawake.

Tatizo lake ni kwamba hawezi kumwambia mtu neno baya. Hawezi kabisa. Daktari alipompa majibu ya baba yake, mzee alikaa mwezi mzima anadhani ana gesi tumboni. Fundi bomba akiharibu kazi, Taratibu anamsifu, anamsindikiza mpaka njiani, halafu anarudi kuniambia mimi niende nikagombe. Nami naenda! Ndiyo kazi yangu katika ndoa hii. Yeye anapendwa, mimi nagomba.

Sasa ngoja nikueleze gari lao, maana bila gari huwezi kuelewa. Gari la kufundishia lina pedali pande zote mbili. Dereva anazo zake tatu, na kwenye kiti cha abiria, anapokaa mwalimu, kuna klachi na breki. Mafuta hakuna. Kazi ya mwalimu si kukimbiza gari, ni kulizuia. Na Taratibu ana namna yake ya kufundisha, tena anaionea fahari. Akiona mwanafunzi anaelekea kubaya, hasemi neno. Anakanyaga breki yake polepole huko chini, gari linapunguza mwendo, na mwanafunzi anadhani ni yeye aliyepunguza. "Umeona ulivyolituliza?" anamwambia. "Hongera." Mtu anarudi nyumbani kifua mbele, anawaambia watu leo nimeendesha, kumbe ameendeshwa.

Nilimuuliza siku moja, hivi huo si uongo? Akacheka. "Ukimwambia mtu kuna hatari mbele, mikono itamtetemeka. Akishapita salama, kuna haja gani ya kumwambia?"

Nikacheka naye. Nilikuwa nampenda kwa mambo kama hayo.

Mimi nashona makava ya viti vya magari, katika karakana iliyo nyuma ya gereji. Ndiko tulikokutana. Aliniletea viti vilivyochanwa kwa kucha za wanafunzi wenye hofu, akasema, "Hamna haraka, dada, taratibu tu," nami nikamjibu, "Kama huna haraka, mbona umekuja saa tunayofunga?" Akacheka mpaka akakaa. Tumezaa watoto wawili. Wa pili ni wa kiume, tunamwita Kasuku, kwa sababu hakuna neno utakalolisema mbele yake lisiwafikie majirani kabla ya chakula cha mchana. Wa kwanza ni binti, na habari hii ni yake.

Binti yangu yuko darasa la pili na ananifikia begani. Si mimi niliyemrefusha, ni upande wa baba yake. Wale wote wamenyooka kwenda juu. Wifi yangu, mdogo wa mwisho wa Taratibu, akiingia chumbani anainamisha kichwa kwa mazoea hata kama mlango ni mrefu. Basi mtoto kachukua huko. Na jamani, urefu kwa mtoto wa kike wa umri ule ni adhabu. Shuleni walimpa jina, Nguzo. Walikuwa wanamuuliza leo umeme upo? Mwalimu akipanga mstari, yeye nyuma. Wakiigiza mchezo, yeye mti. Akianguka na kulia, mtu asiyemjua anamwambia, "Mkubwa mzima unalia?" Mtoto wa miaka minane, huyo!

Ikafika mahali akaanza kutembea ameinama, mabega ndani, kichwa chini, kama anayetafuta sindano. Halafu akakataa shule. Nilibembeleza, nikatisha, nikaenda kumtolea mwalimu uvivu mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Haikusaidia kitu.

Aliyesaidia ni wifi. Wifi aliishi kwetu miaka yote ya chuo, akilala kitanda kimoja na binti yangu, na mtoto alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Nakiri bila wivu. Siku hiyo alikuja, akamkuta kajikunja kitandani, akamvuta kwa mkono, akamsimamisha ukutani, naye akasimama pembeni yake.

"Twiga wangu, nyoosha mgongo. Hapo. Nikiolewa, nani atanitangulia na kikapu cha maua?"

"Sijui."

"Wewe. Peke yako, katikati ya ukumbi, watu wote wanakutazama. Na ukiinama, naghairi kuolewa, narudi nyumbani."

Mtoto akacheka. Ulikuwa umepita muda hatujamsikia akicheka. "Kweli, shangazi?"

"Kweli kabisa. Nikikudanganya, usiniite shangazi tena."

Kesho yake akaenda shule. Wakimwita Nguzo, anawaambia mimi nitatangulia kwenye harusi, nyinyi je? Mgongo ukaanza kunyooka. Sikuwa nataka kitu kingine duniani. Mtu anaweza kudhani ni maua tu, mtoto kutembea na maua, lakini kwa yule mtoto hayakuwa maua tu, na sisi watu wazima watatu tulilijua hilo vizuri.

Mchumba akapatikana, kijana mwema, mcheshi, anauza vifaa vya ujenzi dukani kwa mama yake. Ni mfupi. Simsemi vibaya, ufupi si kosa. Alipokuja kujitambulisha tulizungumza vizuri sana mpaka waliposimama kuaga, Kasuku akapaza sauti, "Shangazi, umemshinda!" Nikamziba mdomo. Kijana mwenyewe alicheka kuliko sote. Wifi ndiye aliyecheka kwa shida.

Tarehe ikapangwa. Mimi nikanunua satini rangi ya maziwa. Mkono wangu umezoea rekzini, ile ngozi bandia ya viti. Rekzini unaivuta nayo inakuvuta, mnaelewana. Satini inakuteleza kama sabuni kwenye beseni. Nilishona baada ya kazi, kwa cherehani ya kuazima, nikafumua, nikashona tena, nikajichoma, nikatukana. Watu wa mitindo wangenishauri niweke marinda kiunoni ili kumkata urefu. Sikuweka hata moja! Nilitaka gauni linyooke kutoka begani mpaka chini, aonekane alivyo.

Na kila jioni mtoto alifanya mazoezi kwenye ukumbi wetu wa nyumba ya kupanga, ule mwembamba kati ya vyumba. Wapangaji wakisikia "harusi inapita!" wanaondoa majiko na ndoo, wanasimama milangoni. Kikapu kilikuwa bakuli la plastiki, maua yalikuwa magazeti yaliyochanwa. Anatoka mlango wa mbele, hatua, tua, hatua, tua, mpaka uani. Halafu ananijia mbio, ananitabasamulia meno yote nje. "Mama, nimetembea vizuri?"

"Kama malkia!"

Taratibu alikuwa anasimama mlangoni na kijiti mdomoni, anatazama sakafu. Siku moja akasema, "Mwacheni apumzike jamani, atachoka mtoto." Nikaona ni huruma ya baba. Nikamfurahia.

Asubuhi ya harusi tukaondoka. Ukumbi ulikuwa mji mwingine, na bosi wake alituruhusu kutumia gari la shule, lenye kibao juu na herufi nyekundu mbele na nyuma. Kila aliyetupita alitupigia honi, wengine wakichungulia kumwona huyo mwanafunzi mzee mwenye kipara. Kasuku alikuwa anawapungia mkono. Mimi nilikaa mbele, kwenye kiti cha mwalimu, miguu nimeikunja nisiguse zile pedali. Binti alikuwa nyuma, gauni ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mapaja, kalishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Najua mume wangu haendeshi kwa kasi. Lakini siku ile! Malori ya matofali yalitupita. Pikipiki iliyobeba godoro ilitupita. Akasimama kutazama tairi. Akasimama tunywe chai. Akasimama kutazama tairi tena.

"Baba watoto," nikamwambia, "leo unatupeleka harusini au mazishini?"

"Taratibu, mama watoto. Tutafika."

"Tutafika lini? Wakishaachana?"

Kasuku akarudia, "Wakishaachana! Wakishaachana!" na baba yake akacheka, kile kicheko chake cha kumaliza maneno.

Kwenye kituo cha mafuta nikaingia chooni na binti, nikamvisha. Tulipotoka, wale vijana wa kuuza mafuta waliacha kazi wakapiga makofi. Alikuwa amesimama wima juani, gauni limeshuka bila mkunjo, nikasema moyoni, mradi huyu aonekane leo, mengine shauri yao. Nikamtafuta baba yake aje aone. Alikuwa kule nyuma kwenye mpira wa kujazia upepo, anaongea na simu, mgongo ametupa sisi, anajikuna shingo.

"Nani huyo?"

"Wa ofisini."

Nikatazama saa, damu ikanichemka. "Nipishe. Naendesha mimi."

Akabisha kidogo, si sana, yeye habishi sana kwa chochote. Tukabadilishana viti. Alinifundisha yeye mwenyewe na nilifaulu mara ya kwanza. Nikakanyaga mafuta. Gari likaenda, likaenda, halafu likawa zito. Nakanyaga, linanguruma, haliendi. Kama linaburuta gunia.

"Gari lenu bovu hili."

"Mzigo," akasema.

"Mzigo gani? Watoto wawili na gauni?"

Nikakanyaga tena, likavuta, likazuiwa. Nikatupa jicho chini upande wake. Kiatu chake cheusi, kile alichokipaka rangi asubuhi mpaka kikang'aa, kilikuwa kimetulia juu ya breki.

"We! Unafanya nini?"

Akaondoa mguu haraka. "Natahadhari tu. Mazoea."

"Mazoea yako kawafanyie wanafunzi wako! Ukiigusa tena hiyo pedali, nakushusha hapa hapa uje kwa miguu."

Kasuku akaangua kicheko. Nilitazama kwenye kioo nikidhani na dada yake anacheka. Alikuwa anatazama nje dirishani. Nikajua ana hofu ya jukwaa, masikini, nikaongeza mwendo. Na mimi mwenyewe nikaanza kucheka. Naapa nilidhani ni mazoea ya kazi. Mtu anakanyaga breki harusi ya dada yake mwenyewe, utadhani nini kingine?

Tukafika. Magari yenye utepe yamepangwa, watu bado wako nje wanapigana picha, wapiga ngoma wanafunga ngozi. Bado hawajaingia! "Tumewahi!" nikapiga kelele, nikajipigia makofi. Taratibu alikaa kwenye kiti na mkanda wake amefunga. "Tangulieni," akasema. "Nifunge gari." Nikamwachia Kasuku, nikamshika binti mkono, tukazunguka nyuma kwenye chumba cha bibi harusi.

Chumba kilikuwa kidogo, kinanuka manukato na nywele zilizochomwa. Wifi amekaa mbele ya kioo, msusi nyuma yake, miguuni amevaa ndara bapa za kung'aa. Na kwenye kochi kulikuwa na watoto wawili wa kike, wadogo hata shule hawajaanza, wamevaa magauni ya dukani yanayofanana, wanakula biskuti. Kila mmoja kikapu chake cha maua mapajani.

Sikuelewa. Nilidhani watakuwa watatu. Nikasema kwa furaha kabisa, "Haya wifi, kiongozi wao kafika! Kikapu chake kiko wapi?"

Wifi akatuona kwenye kioo. Akamtazama mtoto kutoka juu mpaka chini, na uso ukambadilika. Alitazama nyuma yangu, mlangoni, ambako Taratibu alikuwa ndiyo kwanza anaingia na Kasuku.

"Kaka," akasema, "si ulisema mtachelewa?"

Msusi akaacha kuchana. Hata Kasuku, siku hiyo, hakurudia neno.

"Wifi, nielewe," akaanza, na machozi yakaanza naye. "Ni mama mkwe. Aliona picha za Twiga. Akasema mtoto huyu akitangulia, mwanangu haonekani, watu watacheka. Akaleta hawa wajukuu zake. Ningefanyaje? Mimi mwenyewe nimekatazwa viatu vya kisigino. Kwenye picha nimeambiwa nikae, bwana harusi asimame."

Nilimwonea huruma. Kidogo tu, ikapita. "Ukamwambia kaka yako."

"Nilimwambia mapema, wifi! Nilisema niwapigie mwenyewe, wewe na mtoto. Akasema nimwachie yeye."

Nimwachie yeye! Nikageuka. Alikuwa amesimama pale na shati lake nililolipiga pasi mimi, uso mpole, kama vile mwanafunzi amezima gari njia panda.

"Mama watoto, tuongee nje. Taratibu."

"Usiniambie taratibu! Usithubutu kuniambia taratibu leo!"

"Nilitaka tufike wakiwa wameshaingia," akasema, sauti ile ile. "Tungesema ni barabara. Ungenikasirikia mimi, yangeisha. Hakuna ambaye angeumia."

Niliyaelewa yote kwa mara moja, tairi, chai, simu kwenye mpira wa upepo, mguu. Nikaelewa pia kwamba yule mtu alikuwa anaona amefanya jambo jema. Alikuwa ananitazama akisubiri nilione. Usiku wote ule niliokuwa nafumua mikono ya gauni huku yeye ananiwekea maji ya kunywa mezani, alikuwa anajua. Wapangaji walipokuwa wanapiga makofi, alikuwa anajua. Alinitazama nikimwambia mwanangu "kama malkia", akanyamaza. Nimewahi kuibiwa, nimewahi kusengenywa, bosi wangu aliwahi kunifukuza akamwajiri mpwa wake. Sijawahi kujiona mjinga kama nilivyojiona pale katikati ya chumba chenye manukato, mbele ya msusi nisiyemjua.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na maneno ya wifi, nilikuwa na ya mama mkwe huko aliko, na ya Taratibu nilikuwa nayo ya mwaka mzima. Nilivuta pumzi nianze na yeye. Binti akanitangulia.

"Shangazi, umependeza," akasema.

Wifi akaficha uso kwenye kitambaa cha msusi. Mtoto akanivuta mkono. "Mama, twende tukakae. Viti vitajaa."

Ningebaki nigombe, ningegomba mbele yake, na neno Nguzo lingetajwa na mtu, nina hakika. Nikajikaza, nikatoka naye.

Tulikaa viti vya nyuma, karibu na spika, mahali pa watu ambao hakuna anayewajua. Muziki ukalia, wote wakasimama. Wale wadogo wakaingia. Mmoja alimwaga maua yake yote mlangoni kwa mkupuo, mwingine akafika katikati akaogopa, akakaa chini akaanza kulia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko cha mapenzi, oh, jamani, masikini. Bibi yao, mama mkwe mwenyewe, akaja kumbeba, na muziki ukarudishwa mwanzo. Mwanangu angetembea ule ukumbi wote bila kukosea hatua. Nilitaka kusimama juu ya kiti niwaambie.

Wifi akapita. Alikuwa amekunja magoti kidogo ndani ya gauni na kuinamisha kichwa upande wa mumewe. Hakutazama kwetu. Nilimwangalia mgongo wake nikasema, huyu ndiye aliyemsimamisha mwanangu ukutani. Sikumlaani. Nilishindwa hata kumlaani, yeye alinivunjia ahadi lakini alitaka kuniambia. Aliyelala nami chumba kimoja ndiye hakutaka.

Naye alikuwa mbele huko, anashikwa mikono na kila mtu. Taratibu bwana! Taratibu, habari za safari! Anacheka, anainama, anasalimia wazee. Mtu mmoja pembeni yangu akaniuliza, "Yule ni mumeo? Una bahati. Ndiye aliyenifundisha gari, mtu mwema sana yule."

"Sana," nikajibu.

Binti alikuwa anapiga makofi. Hakulia, hakununa, alipiga makofi kwa kufuata muziki, ameinua kichwa. Hapo ndipo kitu kiliponigusa vibaya. Namjua mwanangu. Ukimnyima sabuni ya kupulizia mapovu analia mpaka jioni. Nikasema labda mshtuko. Labda amekua. Nikamnong'oneza, "Twende chooni, nikuvue hilo gauni lisichafuke," ili nimpe nafasi alie kwa siri.

Chooni hapakuwa na mtu. Nikachuchumaa mbele yake, nikamshika mabega. "Mama angu, nisikilize. Sikujua. Haki ya Mungu, mama yako sikujua. Ningejua nisingekuleta."

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Kwamba hujui." Akawa anacheza na kifungo cha mkono. "Baba aliniambia nisikwambie."

Nilisikia maji yakidondoka kwenye bomba, nikayasikiliza kwa sababu sikutaka kusikia kingine.

"Alikwambia lini?"

"Ulikuwa hujaweka mikono kwenye gauni. Alikuja kunichukua shule tukakaa kwenye gari. Alisema shangazi amebadilisha, siyo kosa lake. Alisema ukijua utagombana na shangazi, harusi itavunjika, na itakuwa kwa ajili yangu."

"Na mazoezi? Kila siku ulikuwa unafanya mazoezi!"

"Baba alisema nikiacha utajua."

Nikaachia mabega yake. Yeye akaniona, akadhani nimemkasirikia yeye, akaharakisha kueleza.

"Alisema Kasuku hawezi kuficha, ila mimi naweza, kwa sababu mimi mkubwa. Na wewe ulikuwa unafurahi, mama. Ulikuwa unaimba kwenye cherehani."

Nikamkumbatia. Nikalia mimi, kwenye bega lake, na yeye akanipigapiga mgongo kwa kiganja, polepole, kwa namna ya baba yake kabisa. Sikutaka anibembeleze hivyo. Nikajifuta, nikamvua gauni, nikamvalisha nguo yake ya njiani, nikalikunja lile gauni sijui nililikunjaje.

Tulipofungua mlango, Taratibu alikuwa amesimama nje, chupa mbili za soda mikononi, uso umejaa upole. "Mko salama?" akauliza.

Nilikuwa namtazama mwanangu. Alikuwa ametoka kuniambia yote hayo mle chooni, na kabla baba yake hajamaliza kuuliza, alinyoosha uso, akamtabasamulia meno yote nje, akasema, "Tuko salama, baba." Lilikuwa zuri, lile tabasamu, halina kasoro hata moja. Ndilo alilokuwa ananipa mimi kila jioni.